Programu imeinstoliwa, databesi inagoma: anza kuangalia wapi kwenye Debian na Ubuntu

Unaandika apt install (amri ya kuinstolia programu kwenye Debian na Ubuntu), mistari inashuka vizuri, unajisemea leo kazi imeisha mapema, halafu mwisho kabisa kitu kinakwama:

Can't connect to local MySQL server through socket '/run/mysqld/mysqld.sock' (2)

Hapo wengi wanaanza kufuta na kuinstoli upya, mara ya pili, mara ya tatu, na kosa linabaki lilelile. Nimekaa na watu mpaka usiku kwa sababu ya huu mstari mmoja, na karibu kila mara programu ilikuwa nzima na databesi nayo nzima, shida ilikuwa pale zinapokutana, yaani jinsi aliyetengeneza pakeji (kifurushi cha programu ambacho apt inakiinstoli) alivyoamua iitegemee seva ya databesi.

Kabla ya kugusa chochote tenganisha mambo matatu ambayo watu huwa wanayachanganya: seva imeinstoliwa, seva inawaka, na programu yako imeruhusiwa kuingia. Mfumo wa pakeji unaweza kukuhakikishia hilo la kwanza tu. Hata pakeji ikisema inaidai seva kwa lazima, apt itakuletea na kuipanga ile seva lakini haikuahidi kwamba iko hewani muda huu, maana ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mashine) kwa mfano huduma huwa zinazuiwa kabisa kujiwasha wakati wa kuinstoli, na seva inayotakiwa inaweza kuwa ipo kwenye mashine nyingine chumba cha pili ambayo apt haiijui wala haitaijua.

Kosa linasema "through socket"

Angalia namba ya kwenye mabano mwishoni, hiyo ndo inaongea. Namba 2 maana yake faili la soketi (mlango wa ndani ya mashine ambao programu inaongelea na seva) halipo. Namba 13 maana yake lipo ila huna ruhusa ya kulifikia. Namba 111 maana yake umegonga mlango na hakuna anayesikiliza. Ukipata 2, uliza kwanza kama seva ipo kabisa, ya MySQL au ya ndugu yake MariaDB:

dpkg -l | grep -E 'mysql-server|mariadb-server'

Kama haikuleta kitu, au imeleta mstari unaoanza na rc (iliwahi kuwepo, ikatolewa, yakabaki mafaili ya kusetia), basi seva haipo. Watu hapo wanalalamika kwamba pakeji ni mbovu, mbona haikuniletea databesi, wakati mara nyingi iliandikwa sawasawa. Andika apt-cache depends na jina la programu yako uone. Kuna Depends, hiyo ni lazima, bila hiyo pakeji haiingii. Kuna Recommends, hiyo apt inaileta yenyewe kwa kawaida ila unaweza kuikataa. Na kuna Suggests, hiyo ni ushauri tu, apt inautaja na kupita. Programu inayoongea na databesi inatakiwa kudai kwa lazima upande wa klaienti tu, zile laibrari za kuongelea, na seva yenyewe iwekwe kwenye Recommends au Suggests. Kwa hiyo kama wewe au yule aliyeandika skripti mliweka --no-install-recommends ili kubana nafasi (kwenye Dockerfile, faili la kujengea kontena, hii ni karibu desturi), seva haitakuja na hakuna aliyekosea, unaiinstoli kwa mkono wako. Koha, programu ya kusimamia maktaba, ndo inavyofundishwa hivyo, koha-common unaiweka kwa amri yake na mariadb-server kwa amri yake, halafu ndo unaunda maktaba kwa koha-create --create-db.

Kama seva ipo, andika systemctl status mariadb (au mysql kwa waliopo Ubuntu na MySQL yake) uone kama inawaka, halafu journalctl -u mariadb -n 50 ambayo ni logi yake, na usome, usiruke. Diski kujaa ni sababu ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, df -h inachukua sekunde moja.

Kitu kingine hapa, kwa MySQL na MariaDB neno localhost halimaanishi mtandao, linamaanisha pitia kwenye soketi. Ukitaka upite kwenye poti 3306 lazima uandike 127.0.0.1. Nimeona mtu ana databesi ndani ya kontena, poti 3306 imefunguliwa vizuri kabisa, na programu nje ya kontena imeandikiwa localhost, inaenda kutafuta soketi kwenye mashine ambayo haina hata MySQL moja. Alibadilisha neno moja ikakubali.

Na kama databesi iko mashine nyingine na unapata 111, nenda kwenye ile mashine uandike ss -ltn. Ukiona 127.0.0.1:3306 basi seva inasikiliza wa nyumbani tu, unabadilisha bind-address (anwani ambayo seva inasikiliza), kwa MariaDB ya Debian ipo /etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf. Ukiifungua weka na faiawoli, usiiache 3306 inaning'inia kwenye intaneti.

Access denied kwa root, na paswedi una uhakika nayo

ERROR 1698 siyo paswedi mbovu. Seva imewekwa imtambue root kwa kuangalia wewe ni nani kwenye Linux, haiulizi paswedi kabisa, kwa hiyo sudo mysql inaingia moja kwa moja wakati mysql -u root -p inakataa hata ufanyeje. Usiivunje hiyo kwa kumbadilisha root, ingia kwa sudo utengeneze yuza wa programu yako mwenye haki kwenye databesi yake tu. PostgreSQL (seva nyingine ya databesi) ina ndugu yake huyu, "Peer authentication failed", anataka jina la yuza wa Linux lifanane na jina la yuza wa databesi. Pakeji nzuri inatengeneza yuza wa mfumo mwenye jina hilohilo na mambo yanaenda bila paswedi kuandikwa popote. Ukiendesha programu kwa yuza wako binafsi ndo inagoma, tumia sudo -u na jina lile, au pita kwa -h localhost ambapo kwa PostgreSQL huo ni mtandao kweli na paswedi inaulizwa. Ndiyo, localhost ina maana tofauti kwa hawa wawili, inachosha ila ndo ilivyo.

apt imekwama nusu, pakeji ina herufi iF

Hiyo iF unaiona kwenye dpkg -l, maana yake pakeji imeingia ila haikumaliza kusetiwa. Hii inatokea kwa pakeji zinazotumia dbconfig-common (kisaidizi cha kuunda databesi wakati wa kuinstoli), phpMyAdmin, ya kusimamia MySQL kwenye brauza, ni mojawapo. Kwenye kuinstoli inakuuliza maswali, ikusetie databesi au la, halafu inajaribu kuunda databesi muda huohuo. Kama seva haiwaki au iko mbali, inashindwa, pakeji inabaki nusu, na kuanzia hapo kila apt install ya kitu kingine chochote inamaliza na kosa lilelile, mpaka mtu anadhani Linux yote imeharibika.

Haijaharibika. Kama seva ilikuwa imezima, iwashe halafu

sudo dpkg --configure -a

Kama seva haitakuwepo kwenye hii mashine, endesha hiyohiyo ila ikikuuliza kuhusu kosa chagua ignore, pakeji itamaliza, kisha sudo dpkg-reconfigure phpmyadmin (au jina la yako) na sasa utaulizwa maswali yote ikiwemo kuungana kwa TCP na jina la mashine. Ikikuuliza kama ijenge databesi upya na tayari una data mule, usijibu ndiyo kabla hujachukua bakapu, tafadhali. Na kama unataka kusetia databesi mwenyewe kila mara, ipo pakeji inaitwa dbconfig-no-thrift, kazi yake ni kukaa pale pa dbconfig-mysql au dbconfig-pgsql na kutofanya lolote. Ukiiinstoli kwanza, pakeji nyingi za namna hii zinaridhika na hazigusi databesi. Wanaotumia Ansible (ya kusetia mashine nyingi kwa skripti) iwekeni mapema, itawaokolea muda.

apt inataka kung'oa MariaDB ili iweke MySQL

SIMAMA. Usibonyeze Y.

Hapa kosa ni la pakeji kweli, au la repo (ghala la pakeji) uliyoongeza. Aliyeitengeneza ameandika Depends: mysql-server kwa jina, akidhani kila mtu ana MySQL. Debian tangu toleo la 9 mwaka 2017 seva yake ya kawaida ni MariaDB, Ubuntu bado ni MySQL, na hizi mbili haziwezi kukaa pamoja kwenye mfumo mmoja maana zinagombania njia zilezile, ikiwemo /var/lib/mysql. Ndo maana kuna jina la default-mysql-server, ambalo kwenye Debian linakupeleka MariaDB na kwenye Ubuntu MySQL, na jina la kufikirika virtual-mysql-server ambalo seva yoyote ya ukoo huu inaweza kusema "mimi ni huyo". Pakeji iliyoandikwa vizuri inaandika default-mysql-server | virtual-mysql-server, na kile kistari katikati kinamaanisha au. Ukiwa tayari na mojawapo apt haikugusi.

Kabla ya kuinstoli pakeji ya nje kwenye mashine yenye data ya watu, fanya mazoezi kwanza:

sudo apt install -s jina-la-pakeji

Hiyo -s inaonyesha itakachofanya bila kukifanya. Tafuta mistari ya Remv. Ukiona Remv mariadb-server achana nayo, mtafute aliyeitengeneza umwambie.

Kama umeshabonyeza, hali inategemea. Mafaili ya MySQL 8 hayasomeki na MariaDB, mpangilio wake wa ndani ulibadilika, kwa hiyo seva mpya ikikuta mafaili ya mwenzake inakataa kuwaka, na kwenye Ubuntu unaweza kukutana na faili /etc/mysql/FROZEN lililowekwa makusudi ili seva isiwashwe na kukuharibia zaidi. Usilifute kwa hasira, lisome ndani limeandika sababu. Nakili /var/lib/mysql yote pembeni seva ikiwa imezima, rudisha seva ya zamani, toa data kwa mysqldump, ndo uhamie upande wa pili kwa kuingiza ile dampu. Njia ya mkato ya kuhamisha mafaili mabichi kati ya hao wawili haipo.

systemctl inasema PostgreSQL iko active na bado hakuna kitu

Hii imewapotezea watu masaa. Kwenye Debian na Ubuntu, postgresql.service ni mwavuli tu, amri yake ni /bin/true, kwa hiyo itakuonyesha "active (exited)" kwa kijani kabisa wakati seva yenyewe imekufa zamani. Seva halisi inaitwa mfano postgresql@15-main. Usiangalie mwavuli, andika

pg_lsclusters

utapata toleo, jina, poti, na kama iko online au down, pamoja na njia ya logi. Soma hiyo logi.

Kama shida imeanza baada ya kuapgredi mfumo mzima, angalia poti. Debian 12 ilikuwa na PostgreSQL 15, Debian 13 ina 17, na apt haihamishi data yako kutoka moja kwenda nyingine, inaziacha ziishi pamoja. Orodha ikionyesha 15 main kwenye 5432 na 17 main kwenye 5433, data yako iko kwenye 15 na ile 17 ni tupu. Programu inayosoma poti vibaya inaingia kwenye ile tupu na unaona "database does not exist", moyo unaenda mbio bure. Chukua bakapu kwa pg_dumpall, hakikisha kwa macho yako kwamba 17 ni tupu kweli, kisha

sudo pg_dropcluster --stop 17 main
sudo pg_upgradecluster 15 main

Soma namba mara mbili kabla ya enta, ukiandika 15 kwenye mstari wa kwanza umefuta data.

Na hapo kwenye pg_upgradecluster wenye DHIS2 wanakwama sana (mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda), kwa sababu DHIS2 inataka PostGIS (kiendelezi cha ramani cha PostgreSQL) na PostGIS ni pakeji inayofungwa na toleo la seva. Una postgresql-15-postgis-3, mpya inataka postgresql-17-postgis-3, na hakuna aliyekuletea kwa sababu apt haiangalii ndani ya databesi yako kuona umewasha viendelezi gani. Logi itasema haikuweza kufikia faili la postgis. Instoli hiyo pakeji ya 17 kwanza, rudia kuapgredi.

Umeme ukikatika ukarudi, programu haiamki

Mchana inafanya kazi vizuri, ukiiwasha kwa mkono inawaka, ila mashine ikizimika na kuwaka yenyewe programu imelala. Hii ni ya systemd (inayowasha na kusimamia huduma za mashine), na kwetu ambako umeme unakatika bila taarifa inaonekana kuliko sehemu nyingi. Databesi iliyozimwa ghafla inaanza kwa kujitibu, inapitia shughuli ambazo hazikukamilika, inaweza kuchukua dakika, na programu haina habari, inagonga mara moja inakufa. Halafu systemd, kama huduma imewekewa Restart, inajaribu tena kila baada ya mili-sekunde 100, ikifika mara 5 ndani ya sekunde 10 inakata tamaa, na kwenye logi unakuta "Start request repeated too quickly". Databesi inakuja hewani dakika moja baadaye na hakuna wa kuiamsha programu.

sudo systemctl edit jina-la-huduma

halafu weka

[Unit]
Wants=mariadb.service
After=mariadb.service

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=5

Zote mbili Wants na After zinahitajika, After peke yake ni foleni tu, nani aanze kabla ya nani, haimwamshi mtu. Wants peke yake inaziamsha zote kwa pamoja. Na usiweke Requires kwa sababu tu inasikika kuwa na nguvu zaidi. Kwa Requires, databesi ikizimwa na programu inazimwa nayo, na kama seva iko mashine nyingine utapata "Unit mariadb.service not found" na programu haitawaka kabisa, wakati Wants ikikuta huduma haipo inapita kimya. Pakeji zinazokuja na Requires=mysql.service ndani zinawafungia mlango wote wenye databesi ya mbali.

Umetoa programu moja, databesi nzima ikaondoka

Hili linaniuma kwa sababu nililiona mbele ya macho yangu. Kulikuwa na kompyuta ya ofisi moja, ndani ina phpMyAdmin na mfumo mdogo wa malipo waliounakili wenyewe kwenye /var/www. Seva ya MariaDB iliingia kama mzigo wa pakeji nyingine, hakuna mtu aliyewahi kuandika apt install mariadb-server kwa mkono. Siku moja mtu akaamua kusafisha, akatoa ile pakeji, akafuata na apt autoremove kama apt yenyewe inavyokumbusha, na apt ikaangalia kwenye daftari lake ikaona hakuna pakeji yoyote inayohitaji MariaDB. Mfumo wa malipo haujui, maana haukuja kama pakeji. Ikaitoa. Asubuhi watu wamepanga foleni, kaunta haifanyi kazi, na mhasibu ananiuliza kwa sauti ndogo kama risiti zote za mwaka zimepotea.

Hazikuwa zimepotea, kutoa kwa kawaida hakugusi /var/lib/mysql. Nilirudisha mariadb-server ileile ya toleo lilelile, ikaikuta data yake, ikawaka. Lakini angeandika purge (kutoa pamoja na mafaili ya kusetia) na kujibu ndiyo pale inapouliza kama databesi zifutwe, ingekuwa habari nyingine. Kwa hiyo kama una databesi yenye kitu cha maana, fanya hivi leo:

sudo apt-mark manual mariadb-server

au postgresql-15, jina lolote ulilonalo. Hiyo inamwambia apt kwamba hii nimeitaka mimi, usiiguse kwenye kusafisha. Na apt-mark showauto | grep -E 'mysql|mariadb|postgres' itakuonyesha zipi ziko hatarini.

Kwenye laptopu kuna mysqld na sikumbuki kuiweka

Kama unatumia KDE (moja ya desktopu za Linux) na barua pepe zake, hiyo ni Akonadi, huduma yake ya kutunza barua, inawasha mysqld (seva ya MySQL) yake kwa yuza wako, data ipo ~/.local/share/akonadi, haina uhusiano na huduma ya mfumo. Iache. Huu ndo mfano mzuri wa pakeji kudai seva kwa lazima kwa haki, ila angalia inadai default-mysql-server-core, yaani programu ya seva tupu bila huduma, bila root, bila kusikiliza poti.

Kwa mnaotengeneza pakeji wenyewe

Kama unafunga .deb (faili la pakeji) ya mfumo wa chuo au wa duka, andika hivi:

Depends: default-mysql-client | virtual-mysql-client
Recommends: default-mysql-server | virtual-mysql-server

Jina halisi litangulie, la kufikirika lifuate, ili apt ijue ichukue lipi mtu akiwa hana lolote. Skripti ya postinst (inayoendeshwa baada ya kuinstoli) isife kwa sababu databesi haijibu, iandike ujumbe unaoeleweka na amri ya kuendesha baadaye, halafu imalize kwa 0. Kazi ya kuunda majedwali iweke kwenye amri yake ambayo msimamizi anaiendesha akiwa tayari, na ambayo ikiendeshwa mara mbili haiharibu. Ndani ya programu yenyewe weka kujaribu tena kuungana, usitegemee systemd peke yake, kwa sababu databesi ya mbali inaweza kuwashwa upya saa nane mchana na hakuna After itakayokusaidia. Kwenye postrm (inayoendeshwa baada ya kutoa) usifute databesi bila kuuliza, hata kwenye purge. Na ijaribu kwenye mashine tatu kabla ya kuitoa: moja ina seva humohumo, moja haina seva kabisa, na moja seva yake iko kwingine. Ikiingia kwenye zote tatu bila apt kubaki na iF, iachie watu.